Mwalimu wa Hesabu Aliyezigeuza Nyimbo za Watoto

Mwenye kupita Kisauni, Likoni au Changamwe baada ya sala ya alasiri, wakati watoto wamekwisha toka chuoni na jua limepunguza ukali wake, huenda akawakuta wameshikana mikono wakizunguka uwanjani kwa wimbo wa Ukuti. Akisimama kidogo akasikiliza, atagundua jambo. Sauti ni ile ile aliyoiimba yeye mwenyewe utotoni, bali maneno siyo. Palipokuwa na mnazi sasa pana mbuzi wa jirani aliyekula kanga kambani. Palipokuwa na jina la mchezaji pana jina la mwenye duka asiyekopesha. Watoto wanacheka mpaka wanaketi chini, na mzee aliye barazani anaguna na kusema kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Mzee huyo amesahau kuwa naye alipokuwa na miaka minane aliugeuza wimbo huo huo, na babake aliguna vivyo hivyo.

Je, kuupotoa wimbo namna hii ni utovu wa adabu, au ni dalili ya akili iliyo macho? Swali hili si geni, wala si letu peke yetu. Leo tunawaletea wasomaji wetu maisha ya mtu aliyepata sifa ya dunia nzima kwa kazi hiyo hiyo ya watoto wa uwanjani, naye hakuwa mtu wa mzaha hata kidogo. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa dini, mpole, mwenye kigugumizi, asiyeoa, aliyevaa nguo nyeusi na kuchukia kelele. Jina lake la kuzaliwa ni Charles Lutwidge Dodgson. Ulimwengu unamjua kwa jina la Lewis Carroll.

Utoto wake

Dodgson alizaliwa tarehe 27 Januari 1832 katika kijiji cha Daresbury, jimbo la Cheshire, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi, mtu msomi asiye na mali nyingi. Mama yake, Frances Jane Lutwidge, alikuwa binamu wa mumewe, ndoa ya aina ambayo sisi wa pwani hatuishangai. Nyumba ilijaa watoto kumi na mmoja. Charles alikuwa wa tatu kuzaliwa na wa kwanza miongoni mwa wanaume, na kwa hivyo mzigo wa kuwachezesha wadogo ulimwangukia yeye.

Mwaka 1843 baba alihamishiwa Croft, kaskazini katika jimbo la Yorkshire. Huko ndiko kijana alikoanza kuwaandikia nduguze majarida ya nyumbani, kwa mkono wake mwenyewe, yenye mashairi, vitendawili na picha za kuchekesha. La kwanza alilitunga mwaka 1845, akiwa na miaka kumi na mitatu. Kichwa chake kiliahidi mashairi yenye manufaa na mafunzo, lakini aliyelifungua alikuta kinyume chake. Katika shairi mojawapo mtoto anafuatwa na kiumbe kisichoonekana kinachomkataza kila kitu: asilale, asilie, asicheke, asile, asinywe. Mwishowe mtoto anauliza ni lipi basi aruhusiwalo kulifanya, na kiumbe kinamjibu kwamba hata kuuliza pia kumekatazwa.

Ili kuuelewa mzaha huo yafaa tujue watoto wa Kiingereza wa zama zile walilishwa nini. Mashairi yao yalikuwa ya mawaidha matupu. Kitabu kilichotamalaki kilikuwa kile cha Isaac Watts, mhubiri aliyekitoa mwaka 1715, nacho kikachapwa tena na tena kwa zaidi ya miaka mia. Humo mtoto alisifiwa nyuki kwa bidii yake ya kukusanya asali, akaonywa asiwe kama mvivu apendaye kitanda. Mtoto aliyahifadhi hayo kwa moyo, akasimama mbele ya wageni mikono ikiwa imetulia, akayasoma bila ya kukosea. Msomaji aliyepata kuitwa barazani na babu yake asome alichohifadhi chuoni ataijua hofu hiyo.

Shuleni na chuoni

Mwaka 1846 alipelekwa katika shule mashuhuri ya Rugby, akakaa huko miaka mitatu hivi. Katika masomo alifanikiwa, hasa hesabu, lakini maisha ya bweni yalimtesa. Wakubwa waliwaonea wadogo, na usiku ulikuwa mbaya kuliko mchana. Alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba hapana kitu duniani kingemfanya akubali kuirudia miaka ile.

Januari 1851 aliingia chuo cha Christ Church huko Oxford. Hakukaa siku mbili akaletewa habari kwamba mama yake amefariki, naye alikuwa hajafikia miaka hamsini. Kijana akarudi nyumbani kuzika, kisha akarejea masomoni. Mwaka 1854 alipata daraja la kwanza katika hesabu, na mwaka uliofuata akawa mwalimu wa somo hilo. Kazi hiyo aliifanya hadi mwaka 1881, na vyumba vya chuo hicho vilikuwa makao yake mpaka kufa, jumla ya miaka arubaini na saba.

Kwa masharti ya nafasi aliyopewa, mwalimu alipaswa kuingia katika utumishi wa kanisa na kutooa. Tarehe 22 Desemba 1861 alitawazwa kuwa shemasi, lakini hakupanda daraja ya ukasisi. Inadhaniwa kwamba kigugumizi chake kilikuwa sababu moja, maana kuhubiri mbele ya watu kulimwia kazi ngumu. Sikio lake la kulia pia lilikuwa zito. Wanafunzi wake hawakumkumbuka kuwa mwalimu wa kuvutia. Masomo yake yalikuwa makavu, na darasani hakuna aliyemdhania kuwa mcheshi.

Hata jina lake la uandishi alilitengeneza kwa hesabu. Alichukua majina yake mawili, Charles na Lutwidge, akayatia katika Kilatini, akayapindua la pili likawa la kwanza, kisha akayarudisha katika Kiingereza. Likatoka Lewis Carroll. Alianza kulitumia mwaka 1856, na tangu hapo akawa watu wawili: Dodgson aliandika juu ya hesabu na mantiki, na Carroll akaandika michezo. Barua zilizomjia chuoni kwa jina la Carroll alizoea kuzikataa.

Mtoni, mwaka 1862

Mwaka 1855 Christ Church ilipata mkuu mpya, Henry Liddell, mwanachuoni aliyeshiriki kutunga kamusi kubwa ya Kiyunani. Alikuja na watoto wake, na miongoni mwao walikuwa mabinti Lorina, Alice na Edith. Dodgson, aliyezoea nyumba yenye ndugu kumi, aliona upweke chuoni, akazoeana na watoto hawa. Aliwatolea hadithi na vitendawili, akawapiga picha kwa kamera, ufundi uliokuwa mgeni wakati ule na ambao yeye aliumudu kuliko wengi. Yasemwa kwamba akiwa na watoto kigugumizi chake kilipungua.

Tarehe 4 Julai 1862, yeye na rafiki yake Robinson Duckworth waliwachukua mabinti watatu kwa mashua, wakapiga makasia katika mto Thames kutoka Oxford hadi Godstow. Alice alikuwa na miaka kumi. Watoto walidai hadithi kama wadaivyo watoto wote, na Dodgson akaanza kusimulia habari za msichana aitwaye Alice aliyemfuata sungura akatumbukia shimoni. Hakuwa na mpango wowote. Alitunga huku akivuta kasia. Waliporudi, Alice akamsihi aiandike. Ahadi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka miwili. Novemba 1864 alimpelekea daftari aliloliandika na kulichora kwa mkono wake, na ndani yake picha thelathini na saba.

Marafiki walioisoma hadithi walimhimiza aichapishe. Akaiongeza karibu mara mbili ya urefu wake, akamwajiri mchoraji mashuhuri John Tenniel, na kampuni ya Macmillan ikaichapa mwaka 1865. Hapo pakatokea msiba mdogo. Vitabu elfu mbili vilikuwa vimekwisha pigwa chapa, na Tenniel hakuridhika na jinsi picha zilivyotoka. Dodgson, ingawa gharama ilikuwa juu yake mwenyewe, aliamuru vyote viondolewe na kazi ianzwe upya. Alivyoweza kuvirudisha alivigawa kwa hospitali za watoto. Leo vinavyojulikana kusalia duniani ni ishirini na vichache tu, na bei yake ni ya kutisha.

Nyimbo zilizopinduliwa

Sasa tufike kwenye kiini cha habari yetu. Ndani ya kitabu hiki na cha pili yake, kilichotoka mwishoni mwa 1871, mna nyimbo na mashairi mengi, na sehemu kubwa ni nyimbo zilizojulikana na kila mtoto wa Kiingereza, maneno yake yakiwa yamegeuzwa.

Nyuki wa Isaac Watts aliyesifiwa kwa bidii, Carroll alimwondoa akamweka mamba. Mamba huyo naye ana bidii. Anausugua mkia wake kwa maji ya mto Nile mpaka unang'ara, kisha anatabasamu kwa upole na kuwakaribisha samaki wadogo waingie kinywani mwake. Mizani ni ile ile na upole wa maneno ni ule ule, bali mafunzo yamekwenda upande mwingine kabisa. Mvivu wa Watts naye akawa kambakoche aliyeokwa kupita kiasi, anayewadharau papa wakiwa mbali na kutetemeka wakikaribia.

Mshairi Robert Southey alitunga mwaka 1799 shairi la kijana anayemuuliza mzee siri ya uzee wake wa raha, na mzee anajibu kwamba katika ujana wake alimkumbuka Mungu na kuilinda afya yake. Carroll akamfanya mzee huyo asimame kichwa chini, apige vipindu mlangoni, ale bata mzima na mifupa yake, na kusimamisha mkunga juu ya pua. Kijana anapozidi kuuliza, mzee anachoka na kutishia kumpiga teke ashuke ngazi.

Jane Taylor, bibi aliyetoa mwaka 1806 shairi la nyota ndogo ya usiku, alilikuta shairi lake mikononi mwa mshona kofia mwenye wazimu, na nyota imegeuka popo arukaye juu angani mfano wa sinia la chai. Shairi hilo la nyota huimbwa kwa sauti ya zamani ya Kifaransa, na wasomaji wengi wanaijua bila ya kujua kwamba wanaijua, maana ndiyo sauti ambayo watoto wetu wa vidudu huimbia herufi za Kiingereza. Sauti moja imebeba wimbo wa Kifaransa, nyota ya Kiingereza, herufi na popo, wala haikuchoka. Watoto wa Changamwe wakiitia maneno yao wenyewe, hawafanyi jambo jipya.

David Bates wa Marekani aliwahi kutunga shairi la kuwausia wazazi waseme na watoto kwa upole. Katika kitabu cha Carroll wosia huo umekuwa wimbo wa kubembelezea mtoto, uimbwao na bibi mmoja mtukufu ndani ya jiko lililojaa moshi na pilipili, naye anausia mtoto akemewe na apigwe kila anapopiga chafya. Na wimbo wa nyota ya jioni, ambao mabinti wa Liddell walimwimbia Dodgson mwenyewe mwaka 1862, aliugeuza kuwa wimbo wa kuusifu mchuzi, tena mwimbaji wake ni kasa anayelia machozi. Ucheshi huo wapishi wetu watauelewa upesi.

Kwa nini watoto walicheka? Kwa sababu waliyajua maneno ya asili. Mtoto asiyemjua nyuki hawezi kumcheka mamba. Mzee wetu wa barazani angelizingatia hilo. Mtoto hapotoi wimbo asioujua. Anayeugeuza wimbo na bado mizani ikakaa sawa, vina vikaitikiana, na pumzi ikaishia pale pale ilipoishia ya kwanza, huyo amekwisha kuuhifadhi na kuumiliki. Washairi wa Mvita waliojibizana kwa mashairi, mmoja akichukua bahari na vina vya mwenziwe na kumrudishia kwa maneno mengine, walifanya kazi ya namna hiyo, ingawa kwa mambo mazito zaidi.

Mipaka yake

Pamoja na hayo, Dodgson alikuwa na mpaka asiouvuka. Aliyacheka mawaidha ya wanadamu, lakini maandiko ya dini yake hakuyafanyia mzaha, na alichukizwa na waliofanya hivyo mbele yake. Alipokuwa akiandika kitabu cha pili alitia ua moja linalosema, ua ambalo jina lake kwa Kiingereza linahusishwa na mateso ya Nabii Isa kwa imani ya Wakristo. Alipong'amua uhusiano huo akalifuta, akaweka ua jingine. Hakuna msomaji ambaye angemlaumu, na pengine hakuna ambaye angetambua. Yeye alijua, na hilo lilimtosha.

Hapo pana funzo kwetu bila ya kulazimisha. Mtoto anayemtia mbuzi wa jirani katika Ukuti hana kosa. Akiichukua kasida ya maulidi akaitia maneno ya upuuzi, hapo mzazi ana haki ya kumwita na kusema naye. Kutofautisha mambo hayo mawili ndiko kuitwako adabu, na mtoto hulijua akielezwa. Kukataza yote kwa pamoja ni kuwa kama kile kiumbe cha shairi lake la utotoni, kilichokataza hata kuuliza.

Yaliyofichika

Maisha yake hayakukosa kivuli. Juni 1863 uhusiano wake na nyumba ya Liddell ulikatika ghafula. Baadaye walisalimiana tena, lakini mazoea ya zamani hayakurudi. Kurasa za shajara yake zinazohusu siku hizo zilikatwa, na mabuku manne kati ya kumi na matatu ya shajara hiyo yalipotea baada ya kufa kwake. Waandishi wa karne ya ishirini na baada yake wamelijadili sana jambo hili, pamoja na ile desturi yake ya kufanya urafiki na watoto wa watu na kuwapiga picha, nyingine wakiwa bila ya nguo, kwa idhini ya wazazi wao. Zama zile wapo waliokuwa wakifanya hivyo bila ya kuonekana ajabu. Leo hakuna mzazi mwenye busara atakayekubali. Wengine wamemtetea na wengine wamemtuhumu. Kilichokuwa moyoni mwake Mungu ndiye ajuaye, na mwandishi mwaminifu hana budi kuishia hapo.

Baba yake alifariki mwaka 1868, na Dodgson aliihesabu kuwa pigo kubwa kuliko yote maishani mwake. Akawa yeye ndiye mkubwa wa ukoo, akawatafutia dada zake nyumba huko Guildford na kuwasaidia. Aliendelea kuandika. Mwaka 1876 alitoa shairi refu la kuchekesha juu ya wawindaji wa mnyama asiyejulikana, mwaka 1879 kitabu cha kumtetea Euclid wa jometri, na mwaka 1896 kitabu cha mantiki. Barua alizoandika na kupokea alizitia katika daftari lenye hesabu, nazo zilifikia 98,721.

Iko hadithi isemayo kwamba Malkia Victoria alikipenda kitabu cha Alice akaagiza apelekewe kitabu kingine cha mwandishi huyo, akaletewa cha hesabu. Hadithi ni tamu, lakini Dodgson mwenyewe aliikanusha kwa maandishi.

Alifariki Guildford tarehe 14 Januari 1898 kwa ugonjwa wa mapafu, zikibaki siku chache atimize miaka sitini na sita. Alice naye aliolewa mwaka 1880 na Bwana Reginald Hargreaves, akazaa wana watatu, na wawili wakauawa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1928, akiwa mjane, aliliuza daftari alilopewa utotoni kwa pauni 15,400. Likavuka bahari mpaka Marekani, na mwaka 1948 Wamarekani wakalirudisha Uingereza kama zawadi. Alice mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1934.

Alice katika Kiswahili

Kitabu hiki kiliingia katika lugha yetu mwaka 1940, kilipotolewa mjini London na Sheldon Press kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Mfasiri wake alikuwa Bibi St Lo Conan-Davies, na katika picha zake Elisi alichorwa kuwa msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 ilitoka tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Mwenye kukifasiri kitabu hiki hukutana na tatizo la nyimbo. Msomaji wa Likoni hakulelewa na nyuki wa Isaac Watts. Ukimletea mamba peke yake, atamwona mamba tu, mnyama wa mtoni, na wala hatajua amchekee nini. Ili acheke kama alivyocheka mtoto wa Oxford, hana budi kupewa wimbo alioimbiwa yeye na mama yake, kisha huo ndio ugeuzwe. Kwa hivyo kazi ya kumfasiri Carroll inahitaji kwanza pawepo nyimbo ambazo watoto wetu wote wanazijua. Je, bado zipo?

Dunia imelipa jambo hili jibu la ajabu. Mashairi ya Watts na ya Southey yaliyotamalaki nyumba za Waingereza yamesahauliwa na watu wengi, na wengi wa wanaoyajua leo wanayajua kwa sababu Carroll aliyacheka. Mzaha ambao wakali wangeuona kuwa tusi ndio uliokuja kuyahifadhi.

Tena kuna mahali katika kitabu ambapo mzaha huu unagusa moyo. Alice, baada ya kuanguka shimoni na kubadilika kimo, anaingiwa na shaka kama bado ni yeye yule au amegeuka mtoto mwingine. Anaamua kujijaribu. Anaketi mkao wa darasani, mikono mapajani, na kuanza kusoma shairi la nyuki alilolihifadhi. Maneno yanatoka mengine, anatoka mamba. Machozi yanamjaa, naye anahitimisha kwamba hakika yeye si Alice tena. Mtoto huyu amejitafuta katika alichohifadhi, na alipokikosa akajiona amepotea.

Jambo hili lituhusu sisi tukaao ng'ambo ya kisiwa, maana miji yetu imejaa watu wa kila mahali, redio na simu zinaimba mchana kutwa, na bibi waliokuwa wakibembeleza watoto kwa nyimbo za zamani wanatutoka mmoja mmoja. Mtoto anayeupotoa wimbo wa bibi yake bado anao, tena anao kwa hakika. Wa kuhurumiwa ni yule ambaye, akiombwa auimbe, hana cha kupotoa. Basi usiku wa leo, msomaji, waite wajukuu, uwaimbie wimbo mmoja ulioimbiwa wewe, kwa maneno yake ya asili, mpaka waushike. Kesho ukiwasikia uwanjani wameutia mbuzi na mwenye duka, usigune. Keti barazani usikilize kama mizani imekaa sawa.